Muuguzi Aliyesoma Umeme Vitabuni

Habari ilinifikia asubuhi ya siku ya kazi, nikiwa kwenye foleni ya chai ya karaki, ile nzito ya maziwa na iliki, karibu na ofisi yetu huko Lusail, jirani na Doha. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa muuguzi mmoja Mkenya aliyekuwa zamu moja na marehemu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayesoma matangazo kanisani. "Kaka, Sista ametuacha. Ameanguka kwake Al Wakrah akianika nguo. Tumejaribu sana. Mashine ilikataa kupiga." Nikausikiliza tena. Zamu yangu ikafika, nikaagiza chai, nikapanda nayo hadi mezani kwangu, nikafungua kompyuta na kuendelea kusahihisha tafsiri ya mwongozo wa usalama wa lifti. Niliimaliza kabla ya saa ya chakula, na nilipoipitia baadaye sikuona kosa hata moja. Mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza kama kuna jambo, nikamjibu kwamba hakuna. Sikuwa namficha. Nilijitafuta ndani ili nione kama kuna jambo, nikakuta pametulia tu, kama chumba ambacho mashine ya hewa baridi imeachwa ikinguruma na hakuna aliyeketi.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba katika safu hii huwa sitaji majina ya watu, na leo sitaanza. Marehemu sote tulimwita Sista, kama wauguzi wanavyoitwa kwetu Kenya. Alizaliwa Bungoma, akasoma fasihi chuo kikuu, akatembea na shahada yake miaka kadhaa bila kupata kazi, kisha akarudi darasani kusomea uuguzi. Hapa Doha alifanya kazi katika wodi ya wagonjwa wa moyo. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu walio ng'ambo ya mto, na mkoba wake haukukosa njugu za kukaanga. Alivaa jaketi hata mwezi wa nane, wakati sisi wengine tunatoka barabara moja hadi nyingine kama mikate inayotolewa tanurini, kwa sababu alisema baridi ya wodini ilikwisha kumwingia mifupani na haitoki tena. Jamaa za wagonjwa walipomwita malaika alikunja uso. "Malaika hana zamu," aliwaambia. "Mimi nina zamu, nina mgongo unaouma, na kesho naamka tena."

Nilimfahamu kupitia kikao cha vitabu. Kila Ijumaa alasiri, baada ya walio Waislamu kutoka msikitini na walio Wakristo kurejea kutoka kanisani, tulikutana Muaither katika nyumba ya wauguzi wenzake. Ilikuwa villa ya zamani iliyogawanywa vyumba, yenye sebule moja ya pamoja na zulia jekundu lililochakaa. Walikuja wauguzi, mpokea wageni mmoja wa hoteli, mhasibu, walinzi wawili watatu waliopishana kwa zamu, na dereva mmoja wa basi la wafanyakazi, Mganda wa Busia, ambaye nitakuja kwake. Tulisoma chochote kilichopatikana. Ila ilipofika zamu ya Sista kuchagua, ilikuwa lazima tusome hadithi za karne ya kumi na tisa, na lazima hadithi hizo ziwe na umeme ndani yake. Alikuwa anasomea shahada ya uzamili kwa masafa na chuo kimoja cha nyumbani, na hiyo ndiyo iliyokuwa mada ya tasnifu yake: namna sayansi ya umeme ilivyoingia katika fasihi ya karne ile. Mhasibu wetu alimuuliza siku moja ni kazi gani atakayopata kwa mada ya namna hiyo. Sista akasema, "Kazi ninayo. Hii ni ya kunisaidia kuifanya."

Wengi walidhani anatania, nami nilidhani hivyo mpaka aliponieleza alikoitoa mada hiyo. Alikuwa muuguzi mgeni katika hospitali moja ya kaunti, na kwa mara ya kwanza akawa ndiye anayebonyeza kitufe cha ile mashine ya kushtua moyo. Mgonjwa alikuwa mzee wa makamo, na hakurudi. Daktari alipotoa glavu, mtoto wa kike wa yule mzee, mwanamke aliyesoma, mwalimu wa sekondari, aliingia kwa nguvu akasimama miguuni pa kitanda na kusema, "Mpigeni tena. Wekeni stima ya kutosha." Hakupiga kelele, alikuwa akiomba kwa adabu, kama mtu anayeomba taa iongezwe mafuta. Sista alinisimulia kwamba hakumjibu kitu, lakini usiku na mchana aliandamwa na swali: yule mwalimu aliyapata wapi maneno hayo? Nani alimfundisha kwamba mtu aliyekufa amepungukiwa na stima tu? Darasani hafundishi hivyo. Kanisani hasikii hivyo. Ndipo akakumbuka hadithi alizozisoma chuoni zamani, akaanza kufuata nyayo kurudi nyuma, na nyayo zikamfikisha karne ya kumi na tisa.

Nitajaribu kusema alichotueleza kwenye zulia lile, ingawa yeye alikieleza vizuri zaidi. Karne ile ilipoanza, wataalamu wa Ulaya walikuwa wamegundua kwamba mguu wa chura aliyekufa ukiguswa kwa waya wenye mkondo wa umeme, unapiga teke. Hawakuishia kwa chura. Walichukua miili ya watu walionyongwa kwa hukumu, wakaipitishia umeme mbele ya umati, na taya likacheza, jicho likafunguka, mkono ukanyanyuka. Waliohudhuria walizimia. Wasiohudhuria walisoma gazetini. Na miongoni mwa waliosoma walikuwamo waandishi, wengine vijana kabisa, waliokwenda nyumbani wakakaa mbele ya karatasi na kujiuliza: ikiwa mguu unaweza kupiga teke na mwenyewe hayupo, basi mwenyewe ni nini? Kutoka hapo fasihi haikuwa ile ile. Uhai, ambao ulikuwa pumzi, ukaanza kuandikwa kama cheche. Mapenzi, yaliyokuwa moto, yakawa mkondo unaopita kati ya mikono miwili. Mishipa ya fahamu ikawa nyaya. Hata waandishi ambao hawakuwahi kuona betri kwa macho waliokota maneno hayo na kuyatumia, kama sisi tunavyotumia leo maneno ya kompyuta kusema habari za akili zetu.

Mimi binafsi nilipenda zaidi aliyotuambia kuhusu waya wa taarifa, ule wa kugonga nukta na vistari. Kabla ya waya huo, barua ya kifo ilisafiri na mtu. Ilifika imechoka, imelowa mvua, na aliyeileta alikuwa na uso wa kuusoma kabla ya kuifungua. Waya ukayaondoa hayo yote. Taarifa ikaja asubuhi, maneno machache, na mpokeaji akajikuta anajua jambo ambalo moyo wake haujalijua. Sista alisema waandishi wa wakati ule walilihangaikia sana pengo hilo. Wahusika wao wanapokea taarifa, kisha wanaendelea kumimina chai. "Habari inakuja kwa waya," alisema, "lakini uchungu bado unakuja kwa miguu." Kuna watu wakati huo walioketi kuzunguka meza, wakaamini kwamba ikiwa waya unaweza kuleta neno la mtu aliye ng'ambo ya bahari, basi pengine hata wafu wangeweza kugonga nukta na vistari. Tulicheka. Mlinzi mmoja akagonga sakafu mara tatu, yule dada mpokea wageni wa hoteli akaruka, tukacheka zaidi.

Jioni hiyo tuliingia pia katika lugha yetu wenyewe, na hapo nilipata cha kuchangia. Umeme, kabla ya kuwa kitu cha kulipiwa kila mwezi, ulikuwa ule mwanga wa mbinguni unaotangulia ngurumo. Waliotutangulia walipoona taa inawaka bila moto wakalishusha neno kutoka mawinguni na kulifunga kwenye waya. Kenya tunasema stima, na inasemekana neno hilo lilitokana na mvuke wa meli na mitambo, kwa hiyo kila tukilalamika kwamba stima imepotea tunautaja mvuke wa karne ile bila kujua. Na simu ilikuwa ule waya wa taarifa kabla haijawa sauti. Mzee aliyesema amepigiwa simu alimaanisha ameletewa karatasi. Sista alifurahi mno. Akanikabidhi konzi nzima ya njugu kama tuzo. "Umeona? Si wao tu," alisema. "Hata sisi tuliandika fasihi ya umeme, ila tuliiandika mdomoni."

Aliyekuwa hafurahi ni yule dereva. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mnene kidogo, mcha Mungu, na alikuja kwenye kikao zaidi kwa ajili ya mazungumzo na chapati kuliko vitabu. Siku hiyo alisikiliza habari za miili iliyofunguka macho, kisha akaweka kikombe chini. "Sista, hiyo ni kufuru," alisema. "Mwenye kutoa roho ni mmoja, mwenye kurudisha ni huyo huyo. Hao wazungu walikuwa wanacheza na kitu si chao." Sista hakubisha. Alimwambia kwamba hata wengi wa waandishi wenyewe walifika hapo hapo. Ukizisoma hadithi zao mpaka mwisho utaona umeme unachukua ukurasa mmoja, na kurasa zote zinazobaki ni habari za yule aliyerudi kubisha mlango na kukuta hakuna anayetaka kumfungulia. Dereva akasema, "Mimi pia singefungua." Tukacheka tena, tukagawana chapati, na dereva akaturudisha wengine wetu kwa basi lake.

Miezi haikuwa mingi baadaye, katika uwanja mdogo wa mpira huko Al Wakrah, timu ya madereva ilikuwa inacheza na timu ya wauguzi. Ilikuwa majira ya baridi, hewa nzuri, watu wengi. Dereva wetu alisimama golini kwa sababu ya tumbo lake. Sikumwona akianguka, niliona tu kwamba mpira umepita na yeye hakuruka, na nilipotazama vizuri alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja chini ya kifua. Sista alikuwa ukingoni mwa uwanja na chupa za maji. Alikimbia na jaketi lake, akamgeuza, akaweka sikio puani mwake, kisha akaanza kumkandamiza kifua kwa viganja viwili, akihesabu kwa sauti. Bila kuacha kuhesabu alinyoosha kidole kwa mpokea wageni wa hoteli na kupaza sauti, "Wewe! Kisanduku cha moyo, pale mlangoni ukutani! Kimbia!" Kisanduku kikaja. Akapasua jezi, akabandika vibandiko viwili, na mashine ikaanza kusema yenyewe, kwanza Kiarabu, kisha Kiingereza, kwamba mgonjwa asiguswe. Sista akatufasiria kwa ukali, "Tokeni! Msimguse! Hata kidole!" Akabonyeza. Mwili wa dereva ukaruka kidogo tu, kidogo sana kuliko tunavyoona kwenye filamu. Akaendelea kumkandamiza. Hata wale watoto wa Kihindi waliokuwa wakicheza kriketi pembeni waliacha. Kisha dereva akatoa sauti ya mtu anayekoroma, na Sista akaketi juu ya visigino vyake, akatazama huku na huku akasema, "Ambulensi iko wapi?"

Alipona. Madaktari walimpachika kifaa kidogo chini ya ngozi, upande wa kushoto karibu na bega, cha kuulinda moyo usije ukavurugika tena. Kampuni yake ikamtoa kwenye usukani, kwa kuwa mtu mwenye kifaa hicho haruhusiwi kubeba abiria, ikampa kazi ya kupanga zamu za madereva wenzake. Nilifuatana na Sista kumtembelea alipotoka hospitalini. Tulimkuta ameketi kitandani katika chumba anachokaa na wenzake, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Baada ya salamu aliuliza, bila kumtazama usoni, "Sista, mimi nilikufa ama sikukufa?"

Sista aliketi sakafuni, mgongo ukutani. "Hukufa," alisema. "Moyo wako ulikuwa hai, lakini ulikuwa unatetemeka. Kila kipande kinafanya chake, kama watu wanaosukuma gari kila mmoja upande wake. Damu haiendi."

"Na ile stima ikanirudisha."

"Hapana. Hapo ndipo waandishi wangu walipokosea, na watu wote baada yao. Stima haikukuwasha. Stima iliunyamazisha moyo wako. Iliwaambia wote wale, acheni. Halafu moyo wenyewe ukaanza upya, kama Mungu alivyouumba kuanza. Mimi nilichofanya ni kunyamazisha na kungoja."

Dereva alifikiri. "Kwa hiyo aliyenirudisha ni Yeye."

"Sikubishii," Sista alisema, na kwa mara ya kwanza yule mtu akafungua kifungo cha juu.

Lakini jambo halikuishia hapo. Mchezaji mmoja alikuwa amepiga simu nyumbani siku ile ile, na habari ilipofika Busia ilikuwa imebadilika sura. Ilisemekana kwamba dereva alikufa Uarabuni, akalala maiti, wazungu wakamtia stima akaamka. Kisha likaongezwa la kifaa: kwamba stima hiyo imefungiwa ndani ya kifua chake na haitoki. Mama mkwe wake akasema binti yake hawezi kulala na mtu wa namna hiyo, ama atapigwa shoti ama atalala na kitu kisicho mume wake. Watoto wakatahadharishwa wasimrukie baba akija. Mkewe aliyekuwa akimpigia kila jioni akaanza kupiga mara moja kwa juma, bila kuwasha kamera. Dereva alituambia hayo Ijumaa moja kule Muaither, kwa sauti ya chini, akiwa ameshika chapati asiyoila. "Likizo yangu imekaribia," alisema. "Niende wapi sasa?" Nilimtazama Sista, nikaona rangi ya uso wake imebadilika. Yale aliyoyasoma kwa miaka katika vitabu vya watu waliokwisha kufa zamani yalikuwa yamekaa mbele yake, yakiwa na chapati mkononi.

Akaomba simu hapo hapo. Mke alipopokea, Sista akamweleza kwa subira, habari za moyo kutetemeka, habari za kunyamazisha, habari za kifaa kisichoweza kumdhuru mtu anayekigusa. Alieleza vizuri sana. Sisi wote tulielewa. Upande wa pili mke akasema, "Asante, daktari," na simu ikakatika. Dereva alipopiga tena haikupokewa. Sista alibaki ameishika simu ya mtu mwingine mkononi.

Sista alikwenda nyumbani mwezi uliofuata. Alikuwa na likizo yake, na alikuwa ameipangia kukutana na msimamizi wake wa tasnifu na kupumzika kwa mama yake Bungoma. Msimamizi alikutana naye, akamwambia kwamba sura ya mwisho, aliyoiandika kuhusu dereva, si fasihi na si ya karne ya kumi na tisa, aiondoe. Aliiondoa bila ugomvi. Nilipomuuliza baadaye kama haikumuuma, alisema ile sura haikuandikwa kwa ajili ya wasahihishaji. Kuhusu mapumziko, alinijibu kwa kifupi kwamba Busia si mbali na kwao, kwa hiyo alivuka mpaka pamoja na dereva, ambaye likizo yake iliangukia wakati huo, akalala nyumbani kwa dereva siku chache, na mambo yakatulia. Zaidi ya hapo hakusema. Dereva alirudi Doha amenenepa na shati limefunguka vifungo viwili. Mimi niliyaweka hayo pamoja nikahitimisha kwamba Sista, kwa kisomo chake na ulimi wake, alikuwa amewaelimisha watu wa pale, na kwa moyo wangu wa kiandishi nilifurahi kwamba maneno yameshinda.

Tasnifu aliiwasilisha. Alikuwa anasubiri kuitwa kuitetea alipoanguka. Waliniambia ni mshipa uliopasuka kichwani. Niliketi na yule muuguzi aliyenitumia ujumbe, kwenye benchi nje ya hospitali, tukingoja waliokwenda kushughulikia kibali cha kusafirisha mwili, nami nikamuuliza alimaanisha nini aliposema mashine ilikataa. Akanieleza kwa sauti ile ile ya matangazo. Mashine inapiga moyo uliovurugika. Ukiwa umenyooka kabisa, mstari mmoja bila mtikisiko, haina cha kunyamazisha, na inasema usipige. "Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo," alisema. "Wauguzi wageni wote wakija wodini anawaambia: msiipigie magoti mashine. Jana nilikuwa naiangalia ile skrini na nikataka kubonyeza tu. Nilijua haitasaidia. Kidole kilikuwa juu ya kitufe." Akafungua pakiti ya biskuti, akanipa mbili. Tukala. Magari yalipita. Nilifikiria yule mwalimu wa sekondari aliyeomba stima ya kutosha, nikaona kwamba hakuwa mjinga hata kidogo, na kwamba wale waandishi wa zamani hawakuwa wajinga. Kila sayansi mpya ikija, watu huipeleka kwanza mahali panapowauma. Tumeona hivyo kwa stima, tumeona kwa simu, na sasa tunaona kwa mashine zinazosema kwa sauti za waliokufa. Mtaalamu anatengeneza kifaa, mwandishi anatengeneza ndoto, na miaka mia mbili baadaye mama mkwe wa Busia anaizuia milango kwa sababu ya ndoto, bila kujua iliotwa na nani.

Ibada ya kumuaga ilifanyika Ijumaa, na baada yake tukakusanyika Muaither kwa kuwa hatukujua pengine pa kwenda. Muuguzi mwenye zamu ya jikoni alikuwa amepika, watu wakala. Hakuna aliyelia, isipokuwa mpokea wageni wa hoteli ambaye alilia kidogo jikoni, akaosha uso na kurudi na sahani. Dereva alikuwa pale. Simu yake ikaita, akaitazama, akasema ni mama watoto, anataka kutusalimia sote. Akaiweka juu ya zulia na sauti ikatoka, ya mwanamke asiyezoea kusema mbele ya watu. Alitupa pole kila mmoja kwa zamu. Kisha nikamshukuru, nikamwambia kwamba sisi huku tulijivunia namna Sista alivyowaelezea kule nyumbani mpaka wakaelewa.

"Kueleza?" mke aliuliza. "Hapana, hakueleza kitu. Kwenye simu alieleza, lakini mimi yale maneno sikuyashika, Kiswahili chake kilikuwa cha juu sana. Alipokuja hakusema hata moja."

Nikamuuliza basi alifanya nini.

"Alikaa na sisi. Alimenya muhogo na mama. Mimi nilikuwa nalala na watoto, mume wangu analala kule chumba kingine, na yeye Sista aliona tu, hakusema. Siku ya tatu hivi, asubuhi, tumekunywa chai, akaniita chumbani. Mume wangu ameketi kitandani bila shati. Nikaona pale pamevimba, kama sabuni imefichwa chini ya ngozi. Nikataka kutoka. Akanishika mkono, hakunivuta, akanishika tu, akauweka pale juu. Mkono wake ukiwa juu ya wangu. Sikupigwa na kitu. Ilikuwa ngozi tu, ya moto, na chini yake moyo unapiga, vile ulikuwa unapiga tangu anioe. Halafu Sista akatoa mkono wake, wangu akauacha pale. Akasema anaenda kuosha vikombe. Akafunga mlango."

Dereva alikuwa ameinamisha kichwa, akiushika ukingo wa zulia kwa vidole. Mke akasema, "Vikombe vilikuwa vinne tu. Lakini alikaa huko nje muda mrefu sana."

Mpaka naandika safu hii sijalia, na sijui itakuwa lini. Ninachojua ni hiki, nami nawapa kama nilivyokipata. Mimi ninaishi kwa maneno, na nilikuwa naamini kwamba mtu akiogopa, dawa yake ni kuelezwa vizuri. Sista alisoma maneno kuliko mimi, aliyasoma ya karne nzima, na alipofika mlangoni pa mtu mwenye hofu aliyaacha nje pamoja na viatu. Mwenzako akikiogopa kitu kisichomdhuru, usishindane na hofu yake. Ushike mkono wake, uuweke pale anapopaogopa, uache wako juu yake mpaka utulie. Kisha toka, ukaoshe vikombe.